Mhusika ni wa Nani? Mjadala wa Waandishi na Wachora Katuni Wanaojitegemea

Mada iliyo mezani ni hii: "Hadithi ndefu za katuni kwa Kiswahili zitadumu mtandaoni iwapo tu waandishi na wachoraji wanaojitegemea watazitoa kwa ushirika." Mwandishi anaunga mkono hoja. Mchoraji anaipinga. Mzee, aliyekula chumvi nyingi kwenye magazeti ya katuni ya Dar es Salaam, ameomba asifungwe upande wowote. Msomaji yupo kwa sababu yeye ndiye anayenunua bando. Hawana majina, kwani nimewatunga kutokana na hoja zinazorushwa kila mara watu wa fani hii wanapokutana. Lakini wasanii, kazi na kesi wanazozitaja kwa majina ni za kweli. Mwenyekiti ni mimi, na uamuzi nitautoa mwishoni.

Duru ya kwanza: Tushirikiane kwa lipi?

MWANDISHI: Shikamoo mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Haya, sema.

MWANDISHI: Nianze na ukurasa mmoja tu. Unahitaji hadithi, penseli, wino, rangi, maandishi ndani ya viputo, jicho la mhariri, na mtu wa kuupandisha mtandaoni na kuutangaza. Kazi saba hizo. Mtu mmoja anaweza kuzifanya zote, lakini atatoa kurasa ngapi kwa mwezi? Msomaji wa simu hana subira. Ukinyamaza majuma matatu, ukirudi unamkuta kwenye video fupi na shujaa wako ameshamsahau. Hadithi zinazoshika watu ni zile zinazotoka siku inayojulikana, na mtu mwenye kibarua kingine mchana hawezi kuitunza siku hiyo mwaka mzima akiwa peke yake.

MCHORAJI: Kaka, kazi saba umezihesabu vizuri, ila hukusema nani anafanya ngapi. Wewe unaandika kwenye skripti: "Kariakoo jioni, watu wamejaa." Mstari mmoja, umemaliza, umekwenda kunywa chai. Mimi ndiyo kwanza naanza: machinga na meza zao, mikokoteni, bajaji zilizobanana, nyaya za umeme, mabango ya maduka, nyuso thelathini zisizofanana. Siku mbili zinakwisha kwenye kisanduku kimoja. Hadithi ikisifiwa tunagawana sifa nusu kwa nusu. Ushirika gani huo? Mmoja anashika pembe, mwingine anakamua.

MWANDISHI: Dada yangu, hapo...

MCHORAJI: Sijamaliza. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Masoud Kipanya ana katuni yake, na mtu akiiona tu anajua ni ya nani. Kule Kinshasa, miaka ya 1990, Papa Mfumu'eto aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akachapa na kuuza mitaani vijitabu vyake vya Kilingala. Hawa hawakukalishana kikao kugombania mhusika. Aliyebuni ndiye mwenye mali.

MWANDISHI: Uliowataja ni mabingwa, siwapingi. Lakini Gitau na Kipanya ni watu wa katuni za gazeti: visanduku vichache, kicheko, kesho nyingine. Tena nyuma yao kulikuwa na gazeti zima, lenye mhariri, mtambo na magari ya kusambaza. Papa Mfumu'eto naye alitoa vijitabu vyembamba vya kuuzwa leo na kusomwa leo. Mimi nazungumzia hadithi ya kurasa mia, yenye sura zinazofuatana, inayotolewa na watu wasio na gazeti wala mshahara. Hiyo ukiibeba peke yako utaitua njiani.

MZEE: Niwakumbushe ya nyumbani. Gazeti la katuni la Sani lilipoanza miaka ya 1980, nyuma yake walikuwapo watu wawili, Nicco ye Mbajo na Saidi Bawji. Wahusika wake, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi na Kipepe, hawakutoka kwenye mkono mmoja. Kwa hiyo ushirika hamkuuleta nyinyi vijana na simu zenu. Ila kuna jambo mnalikosea wote wawili. Mnazungumza kana kwamba mtandao umemwondoa mchapishaji. Mtandao umeondoa karatasi, mtambo na gari. Kazi ya mchapishaji iko palepale. Nani atamwambia mwandishi kwamba ukurasa wa tano unachosha? Nani atamkumbusha mchoraji tarehe? Nani atashika fedha na kutoa hesabu? Zamani tulimlaumu mwenye gazeti kwa kutupunja, na mara nyingi alitupunja kweli. Lakini alikuwa akifanya kazi ambayo leo nyinyi mmeiacha chini, kila mmoja akidhani mwenzake ameiokota.

MSOMAJI: Mzee kanena. Mimi nilifuatilia hadithi moja ya daladala. Sura ya kwanza konda amevaa kofia nyekundu. Sura ya pili, siku ileile, safari ileile, kofia imekuwa ya njano. Maandishi hayasomeki mpaka nivute skrini kwa vidole viwili. Sura ya nne, mwizi anakaribia kujulikana, ukimya! Mpaka leo sijui nani aliiba.

MCHORAJI: Nikuambie kilichotokea, maana nakijua bila kuuliza. Kofia imebadilika kwa sababu wapaka rangi walikuwa wawili na hawakupewa jedwali la rangi. Kila mhusika anatakiwa awe na karatasi yake: ngozi namba fulani, kofia namba fulani, na hakuna anayekisia. Maandishi hayasomeki kwa sababu ukurasa ulichorwa kwa kipimo cha kitabu, kisha ukabanwa kwenye simu. Tena inawezekana ulitumwa kwa WhatsApp kama picha badala ya kutumwa kama faili, ukaminywa njiani na wino ukapoteza makali. Halafu kuna nyinyi waandishi. Neno la Kiswahili ni refu. "Hawatatusamehe" peke yake linajaza mstari wa kiputo kwenye simu. Mkimpa mhusika maneno arobaini kwa pumzi moja, nafunika uso wake ili mpate pa kuyaweka, kisha mnalalamika kwamba uso hauonyeshi hasira.

MWANDISHI: Dada, umenisaidia hoja bila kutaka. Mtu wa kushika jedwali la rangi, wa kukata maneno arobaini yabaki kumi na mawili, wa kukagua mafaili kabla hayajatoka, ndiye huyo mchapishaji wa mzee. Tukiwa wanne, mmoja wetu anaifanya kazi hiyo.

Duru ya pili: Nani analipa?

MWANDISHI: Mfano bora wa fedha ni wa watu watatu. Mwaka 2013 mwandishi wa Marekani Brian K. Vaughan na mchoraji wa Hispania Marcos Martín walianzisha tovuti yao, Panel Syndicate. Wakatoa The Private Eye, rangi zikiwa za Muntsa Vicente. Msomaji alijipangia bei, hata sifuri ilikubaliwa. Mafaili hayakufungwa, ukishapakua ni yako. Walikwenda hivyo matoleo kumi mpaka 2015, na mwaka huo wakapata Tuzo ya Eisner ya katuni za kidijitali. Hapakuwa na kampuni katikati.

MZEE: Huyo Vaughan alikuwa ameshamaliza Y: The Last Man, na Saga yake ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Alikuja na wasomaji wake. Kijana wa Temeke asiyejulikana akiandika "lipa unachotaka", atagundua watu wanataka kulipa sifuri.

MCHORAJI: Na hiyo sifuri inatokana na penseli yangu.

MWANDISHI: Lakini bure nayo ina faida zake. Comic Republic ya Lagos ilianza 2013 kwa kuwaachia watu matoleo wapakue bila malipo, wahusika wake wakajulikana mbali na Nigeria. Shujaaz ya Nairobi ilianza 2010, kwa Sheng, bure kabisa, na 2012 ikatwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy.

MCHORAJI: Bure ya Shujaaz ilikuwa bure kwako wewe msomaji. Kulikuwa na wahisani nyuma yake, na wahisani wana ujumbe wao: afya, kilimo, uchaguzi. Sisemi ni vibaya, waliochora walilipwa. Nasema tu kwamba anayelipa ndiye anayepanga shujaa afanye nini. Usichanganye hiyo na kundi la marafiki wanne wanaotoa kazi bure kwa matumaini.

MWANDISHI: Basi chukua Kugali. Wanigeria wawili na Mganda mmoja, Hamid Ibrahim, walianza na mazungumzo ya sauti ya mtandaoni, wakaja kukusanya kazi za wasanii wa Kiafrika katika kitabu kimoja kwa michango ya wasomaji kupitia tovuti ya Kickstarter, na Februari 2024 filamu yao ya vipindi, Iwájú, ikatoka Disney+. Wangekaa kila mtu chumbani kwake, wangefika huko?

MCHORAJI: Kugali wana makao London. Kickstarter haimruhusu anayeishi Tanzania au Kenya kufungua mradi. Usitufundishe kupanda ngazi ambayo hatujawekewa.

MWANDISHI: Nakubali. Lakini tuna ya kwetu. M-Pesa imekuwapo Kenya tangu 2007 na Tanzania tangu 2008. Msomaji wa Mwanza hana haja ya kadi ya benki wala dola. Anatuma shilingi mia tano kwa simu na anapokea sura mpya hapohapo. Michango midogo ya watu wengi inaweza kutulipia rangi.

MSOMAJI: Mia tano nitatoa, tena bila kuombwa mara mbili. Lakini nitaitoa kwa hadithi iliyokwisha, au kwa watu ambao nimeshawaona wakimaliza moja. Nyinyi mnazindua ulimwengu wa mashujaa kumi na wawili, mnachora mabango, mnatangaza, kisha tunapata kurasa nane. Nileteeni kisa cha kurasa ishirini chenye mwanzo na mwisho. Kinachotuzuia kulipa ni kuchoka kuachwa njiani.

MZEE: Na hiyo mia tano ikitumwa, inaingia kwenye simu ya nani?

(Hakuna aliyejibu mara moja.)

Duru ya tatu: Mhusika ni wa nani?

MZEE: Nimeuliza kwa sababu fedha ikiwa ndogo, mnagawana kwa kucheka. Siku tangazo la kampuni ya simu likimtaka mhusika wenu, ndipo mtajua kama mlikuwa ndugu. Jerry Siegel aliandika na Joe Shuster alichora. Mwaka 1938 walimuuza Superman kwa dola 130, wakagawana. Maisha yao yaliyobaki yakaliwa na madai. Hao walidhulumiwa na kampuni. Nyinyi mtadhulumiana wenyewe.

MCHORAJI: Kesi ninayoiogopa mimi ni ya marafiki. Mchoraji Todd McFarlane alikuwa mmoja wa wasanii saba walioanzisha Image Comics mwaka 1992 ili kila mbunifu amiliki kazi yake. Akamwalika mwandishi Neil Gaiman amwandikie toleo moja la katuni yake, Spawn, la tisa, lililotoka 1993. Gaiman akaleta wahusika wapya, akiwamo Angela. Makubaliano yalikuwa ya mdomo. Wahusika walipoanza kuingiza fedha, urafiki ukaenda mahakamani. Mwaka 2002 baraza la wazee wa mahakama kule Wisconsin lilimpa Gaiman haki, na 2004 mahakama ya rufaa ikakubali: mwandishi aliyemweleza mhusika kwa maneno na mchoraji aliyempa sura ni wamiliki wenza. Walikuja kumalizana 2012. Kutoka toleo lile hadi suluhu ni miaka 19, na hawa ni watu waliokuwa na mawakili.

MWANDISHI: Lakini hukumu ile inakulinda wewe na mimi pia. Inasema sote ni wazazi.

MCHORAJI: Ni hukumu ya Marekani. Hapa jirani, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa, haki yake huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pawe na makubaliano mengine. Yaani mwandishi wa Nairobi akinitumia shilingi elfu tano nimchoree kurasa tatu, na hatukuandikiana, anaweza kusema shujaa ni wake peke yake. Nimempa sura, mwendo na mavazi, nimeishia kuwa kibarua. Ndiyo maana naipinga hoja. Sichukii watu. Nachukia kushirikiana kwa "tutajua mbele ya safari".

MZEE: Hapo ndipo nilipokuwa nakungojea, binti yangu. Mama ntilie wa Buguruni haweki elfu mbili yake kwenye kikoba kisicho na katiba, daftari, na sanduku la kufuli tatu lenye funguo kwa watu watatu. Nyinyi mnaweka miaka mitatu ya maisha yenu kwenye kundi la WhatsApp lenye jina zuri.

MWANDISHI: Mzee, tukianza kwa kuandikiana mikataba, watu watasema hatuaminiani.

MZEE: Mama yule anawaamini wenzake kuliko mnavyoaminiana nyinyi. Ndiyo maana kikao kikiisha anarudi nyumbani akalala.

MCHORAJI: Kama kila ushirika ungeanza hivyo, mwenyekiti, upinzani wangu ungepungua nusu.

MWENYEKITI: Na nusu iliyobaki?

MCHORAJI: Ni ya kile kisanduku cha Kariakoo. Mgao uhesabu saa za kazi, si vichwa.

Duru ya nne: Tuweke wapi?

MWANDISHI: Ninapendekeza majukwaa makubwa. Webtoon ilianzia Korea Kusini 2004, na tangu 2014 ina toleo la Kiingereza. Mtu yeyote anafungua ukurasa na kupandisha kazi, na wasomaji wapo tayari.

MCHORAJI: Wapo, ila wengi hawasomi Kiswahili, na kanuni ni zao. Webtoon hupokea vipande vya pikseli 800 kwa upana. Nimeona watu wanachora moja kwa moja kwa kipimo hicho, halafu mwaka wa pili wanataka kuchapa kitabu na hawana faili la kuchapika. Chora kwa kipimo kikubwa, uhifadhi, kisha punguza nakala ya mtandaoni. Asili ibaki kwetu.

MSOMAJI: Mimi naomba ukurasa mwepesi. Mkiweka picha nzito, hadithi yenu inakula bando kabla sijajua shujaa anaitwa nani.

MZEE: Tumieni majukwaa ya watu kama mbao za matangazo. Makao yawe yenu: tovuti ndogo, jina lililolipiwa na ushirika, na orodha ya wasomaji waliokubali kutumiwa ujumbe. Jukwaa likifungwa, orodha inabaki.

MWANDISHI: Na tusifikiri ushirika ni wa mwandishi na mchoraji pekee. David Revoy wa Ufaransa anachora Pepper&Carrot peke yake tangu 2014, kwa leseni huria, na wasomaji wanaomchangia ndio wanaomlipa. Watu wa kujitolea wameitafsiri kwa lugha nyingi, na mwaka 2016 kampuni ya Glénat ikaichapa kitabuni. Mchora peke yake, lakini ana kijiji kizima cha watafsiri.

MCHORAJI: Asante kwa mfano. Mchora peke yake.

Uamuzi wa mwenyekiti

Hoja imepita kwa marekebisho. Maneno "iwapo tu" yaondolewe. Mchoraji ameonyesha kwamba mtu mmoja anaweza, na kila kizazi kitakuwa na wake. Lakini hadithi ndefu ya Kiswahili, ya kila juma, isiyo na gazeti wala mhisani nyuma yake, haitabebwa na mabega mawili. Hapo Mwandishi ameshinda. Ambacho hakukishinda ni hofu ya Mchoraji, na hofu hiyo ina haki. Mzee ametaja kiini chake: mtandao umefuta gharama ya kuchapa, na kazi ya mchapishaji imebaki ikimngoja mwenyewe. Ushirika usioigawa kazi hiyo utakufa sura ya nne, kama ile ya daladala.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotaka kuanza, karatasi mbili zinatosha, nazo ziandikwe kabla ya ukurasa wa kwanza kuchorwa. Andikeni mhusika ni wa nani, na kama ni wa wote, kwa mafungu gani. Andikeni mgao kwa kadiri ya kazi, kisanduku cha Kariakoo kikihesabiwa. Andikeni anayejitoa anaondoka na nini, na kama waliobaki wanaruhusiwa kuendelea na shujaa yuleyule. Andikeni mafaili ya asili yanakaa wapi, na angalau watu wawili wawe nayo. Andikeni namba ya malipo iko kwa jina la nani, na hesabu inasomwa siku gani ya mwezi. Wekeni sahihi nyote, kila mmoja akae na nakala. Wa Tanzania ana Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na wa Kenya ana Bodi ya Hakimiliki. Nendeni mkaulize kabla ya ugomvi, si baada yake. Kumbukeni pia kwamba katika nchi hizi mbili haki ya kazi ya pamoja hudumu miaka 50 baada ya kufa mbunifu wa mwisho. Msichokiandika leo watakigombania wajukuu.

Kisha msikilizeni aliyesema machache kuliko wote. Malizeni kisa kimoja kifupi, chote, ndipo mtoe sura ya kwanza. Msomaji ameahidi mia tano yake, na sharti lake ni moja: hadithi iwe na mwisho.